UCHUMBA: NENO MOJA, MAANA MBILI

Somo letu la leo ni juu ya uchumba. Hatutazungumza juu ya arusi, wala ngoma, wala pilau. Tutazungumza juu ya siku zile za kabla ya arusi, wakati mwanamume na mwanamke wanapoahidiana. Siku hizo maneno mengi husemwa. Kila mmoja husikia. Lakini je, wote wawili husikia jambo lile lile?

Mara nyingi hapana. Mmoja anadhani tayari ameoa au ameolewa. Mwenzake anadhani bado wanajuana tu. Miaka inapita, shamba linalimwa, watoto wanazaliwa. Siku moja ukweli unajulikana, na mmoja anarudi kwao na mzigo kichwani na mtoto mgongoni.

Twende polepole. Kwanza tutaona mifano miwili. Halafu tutaona chanzo cha matata haya, na sheria inasemaje. Mwisho tutaona jinsi ya kujikinga.

1. MFANO WA KWANZA: "TUKIUZA PAMBA"

Tuseme yupo kijana katika kijiji kimoja cha Usukumani, kule wanakolima pamba. Anapendana na binti wa kijiji cha jirani. Kijana anamwambia:

"Wewe ni wangu. Tukiuza pamba mambo yatakuwa sawa. Njoo tukae pamoja."

Binti anasikia hivi: pamba ikiuzwa, mshenga atakwenda kwa baba, na ng'ombe wa mahari watatajwa. Kwake hiyo ni ahadi ya ndoa. Basi anachukua nguo zake anahamia kwa kijana. Analima, anapalilia, anachuma pamba. Anachota maji. Mama wa kijana akiugua, yeye ndiye anayemwogesha na kumpikia uji.

Lakini kijana alikuwa na mawazo gani? Moyoni mwake alisema: "Tukae kwanza nimwone. Akiwa mchapa kazi, na tukipata mtoto, nitamwoa. Kama sivyo, atarudi kwao." Mawazo hayo hakumwambia binti. Wala binti hakumwuliza.

Msimu wa kwanza pamba inauzwa, bei si nzuri. Msimu wa pili fedha zinanunua mabati. Msimu wa tatu kijana anasema wazee wamemtafutia mke.

"Na mimi je?" binti anauliza. "Mimi si mkeo?"

"Nani alikuoa?" kijana anajibu. "Mahari yako nilimlipa nani?"

Neno lilikuwa moja: "Tukiuza pamba." Maana zilikuwa mbili. Hasara imemwangukia binti.

2. MFANO WA PILI: CHEREHANI

Wanaume nao huumia. Tuseme yupo kijana mwingine. Yeye amekwenda mbali na kijiji chake kutafuta kazi. Kila mwezi anatuma fedha kwa simu kwa msichana aliyemwacha nyumbani. Amemnunulia cherehani. Kila akija likizo anampelekea mama wa msichana sukari na kitenge. Mama anapokea, anashukuru, anamwombea heri.

Kijana anajua moyoni kwamba ana mchumba. Kwake cherehani ile ni kishika uchumba. Msichana anaona vingine. Kwake huyu ni rafiki mwema, ana mkono mwepesi wa kutoa. Hajawahi kumwambia kwamba atakubali kuolewa naye. Mwaka wa tatu kijana anasikia kwamba msichana amechumbiwa na mtu mwingine. Anarudi mbio, amekasirika.

"Umekula jasho langu!"

"Kaka, nilikuomba lini?" msichana anajibu. "Uliniletea mwenyewe. Kuoa hukunitajia hata siku moja."

Sasa tujiulize. Katika mifano hii miwili, mwongo ni nani? Huenda hakuna mwongo. Kila mmoja alisikia lile ambalo moyo wake ulitaka kusikia. Lakini kosa lipo: mmoja hakusema, na mwingine hakuuliza.

3. KWA NINI WATU HAWASEMI WAZI?

Sababu ni nyingi. Sisi tutataja nne.

Kwanza, ni aibu. Binti wengi wamefundishwa kwamba mwanamke mwenye adabu haulizi, "Utanioa lini?" Ataonekana ana haraka. Basi ananyamaza, anangoja.

Pili, ni hofu. Mtu anaogopa kwamba akiuliza sana, mwenzake atakimbia. Lakini tufikiri kidogo. Mtu anayekimbia swali leo, je, kesho atakaa na mtoto mgonjwa?

Tatu, ni gharama. Kijana anapenda kweli, lakini hana ng'ombe wala fedha za mahari. Badala ya kusema wazi, "Sina, nipe muda hadi mwaka fulani," anasema, "Usijali, mambo yatakuwa sawa." Maneno haya hayana tarehe. Ni kama deni lisiloandikwa.

Nne, mila zimechanganyika. Siku hizi watu wa makabila na dini mbalimbali hukutana sokoni, mjini na makazini. Huyu kwao uchumba huanza kwa barua ya posa. Yule kwao hakuna barua, wazee huenda wenyewe. Mwingine kwao vijana hutoroka pamoja kwanza, na wazee huzungumza faini na mahari baadaye. Kila mmoja anangoja dalili anazozijua yeye. Mwenzake hazijui.

4. KAZI YA MSHENGA

Wazee wetu walikuwa na njia yao. Mvulana hakujisemea. Alitumwa mshenga. Huko Pwani barua ya posa ilipelekwa, na wazee wa binti wakajibu. Baadaye vilifuata vitu vyenye majina yake, kama mkaja wa mama na kilemba cha baba. Huko bara watu walizungumza juu ya ng'ombe, mbuzi na majembe.

Wengine hudhani mambo haya yalikuwa ya kula mali tu. Hapana. Kila hatua ilikuwa ni swali, na kila swali lilipata jibu mbele ya mashahidi. Barua ikipokewa, kijiji kizima kilijua. Ikirudishwa, kijiji kilijua pia. Hakuna aliyebaki anakisia.

Tusisifu yote. Katika mila hizo binti wengi hawakuulizwa wao wenyewe. Waliulizwa baba na wajomba. Binti aliambiwa siku ya mwisho. Hilo halikuwa jambo zuri, na sheria ya leo hailikubali. Lakini ule usemi wa wazi mbele ya watu ulikuwa na faida, na siku hizi wengi wameuacha. Simu imechukua nafasi ya mshenga. Lakini mnachoandikiana kwenye simu wazee hawakioni, na mara nyingi maneno yake ni ya utani nusu na kweli nusu.

5. SHERIA INASEMA NINI?

Tanzania Bara tuna Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971. Tutaeleza mambo matano yanayohusu somo letu.

(a) Hiari. Ndoa ni muungano wa hiari wa mwanamume na mwanamke, unaokusudiwa kudumu katika maisha yao. Bila hiari ya wote wawili hakuna ndoa. Kwa hiyo hata kama mtu aliahidi, hawezi kuburutwa akaoe au akaolewe kwa nguvu. Anayesema, "Nimekula mahari, lazima binti aende," amekosea.

(b) Ahadi. Ingawa mtu halazimishwi kuoa, ahadi ya ndoa si upepo. Kifungu cha 69 kinamruhusu aliyevunjiwa ahadi kwenda mahakamani kudai fidia ya hasara. Lakini mtu aliyekuwa chini ya miaka 18 wakati alipoahidi hawezi kushtakiwa kwa ahadi hiyo. Jambo kubwa ni kwamba lazima ithibitike kuwa ahadi ilikuwapo. "Mambo yatakuwa sawa" ni ahadi ya nini? Hakimu naye atauliza hivyo hivyo.

(c) Zawadi. Kifungu cha 71 kinasema zawadi inaweza kudaiwa irudishwe kama ilitolewa kwa ajili ya ndoa ambayo haikufungwa, na kama mtoaji alikusudia kuwa ni kwa sharti la ndoa. Zawadi ya urafiki tu hairudishwi. Turudi kwa kijana wa cherehani. Akienda mahakamani ataulizwa: "Ulipoitoa, ulisema ni ya nini? Nani alisikia?" Hapo atakwama, maana hakusema.

(d) Kuishi pamoja. Hapa watu wengi wamepotoka. Wapo wanaosema, "Ukikaa na mwanamume miezi sita, wewe ni mkewe." Wengine husema miaka miwili inatosha. Maneno haya yamewadanganya wengi. Hebu tusome kifungu cha 160 kwa uangalifu.

Kifungu hicho kinasema hivi: mwanamume na mwanamke wakithibitika kuwa wameishi pamoja miaka miwili au zaidi, na katika hali ya kufanya watu wawatambue kuwa mume na mke, kutakuwa na dhana kwamba wameoana. Dhana maana yake ni jambo linalochukuliwa kuwa kweli mpaka mtu alete ushahidi wa kulipinga. Kwa hiyo miaka miwili peke yake haitoshi. Tena dhana inaweza kupinduliwa. Kwa mfano, kama mwanamume huyo tayari ana ndoa ya mke mmoja, hana ruhusa ya kufunga ndoa nyingine. Dhana itaanguka.

Lakini ndugu msomaji, usikate tamaa. Kifungu hicho hicho kinaendelea kusema kwamba hata dhana ikipinduliwa, mwanamke anaweza kuomba mahakama iamuru matunzo yake na ya watoto waliozaliwa. Mahakama inaweza pia kutoa amri nyingine kama zile zinazotolewa ndoa inapovunjwa. Kwa hiyo binti wa mfano wetu wa kwanza, aliyelima misimu mitatu, asijiondokee kimya kimya. Anayo haki ya kusikilizwa.

(e) Mahari. Kijana alimwuliza binti, "Mahari yako nilimlipa nani?" Akadhani amemaliza maneno. Sheria inasema, kwenye kifungu cha 41, kwamba ndoa iliyotimiza masharti mengine ya sheria ni halali hata kama mila ya mahari haikutimizwa. Mahari ni heshima kubwa katika mila zetu. Lakini kukosa mahari peke yake hakuvunji ndoa.

6. JUU YA UMRI NA WATOTO

Tuongeze maneno machache juu ya umri. Sheria ya mwaka 1971 iliweka umri wa kuoa kuwa miaka 18 kwa mwanamume na 15 kwa mwanamke. Mwaka 2016 Mahakama Kuu iliamua kwamba vifungu vinavyoruhusu binti wa chini ya miaka 18 kuolewa ni kinyume cha Katiba. Mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ilikubaliana na uamuzi huo. Tena tangu mwaka 1998 sheria ya makosa ya kujamiiana inamlinda msichana wa chini ya miaka 18. Mtu hawezi kujitetea kwa kusema, "Alikubali mwenyewe," au, "Nilikuwa nitamwoa." Msichana wa umri huo si mchumba. Ni mtoto. Mwache asome.

Na mtoto akizaliwa kabla ya ndoa? Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema wazazi wana wajibu wa kumtunza mtoto. Wajibu huo hautegemei arusi. Baba akikataa, mama anaweza kwenda kwa afisa ustawi wa jamii au mahakamani. Uchumba unaweza kufa, lakini ubaba haufi.

7. MASWALI YA KUULIZANA KABLA

Kuuliza si ujinga. Tunashauri wachumba wakae mchana, mahali pa heshima, waulizane maswali haya bila hasira:

– Tunaposema tunapendana, je, tunakusudia ndoa, au tunajuana tu?
– Kama ni ndoa, wazee wataambiwa mwezi gani? Nani atakuwa mshenga?
– Je, upo mtu mwingine uliyemwahidi? Unaye mke au mume? Unao watoto?
– Ndoa yetu itakuwa ya mke mmoja au ya wake wengi? Itafungwa msikitini, kanisani, serikalini au kimila?
– Tutakaa wapi? Kwa wazazi au kwetu? Tutalima shamba la nani?
– Fedha za mazao atashika nani, na tutaamuaje matumizi?
– Je, uko tayari twende pamoja kupima afya zetu, pamoja na virusi vya UKIMWI?

Hebu tusikie jinsi mtu anavyoweza kuuliza bila kuvunja adabu:

"Mwenzangu, juzi ulisema mambo yatakuwa sawa. Nami nimefurahi. Lakini sikuelewa vizuri. Ulikuwa na maana gani?"

"Maana yangu ni kwamba nakupenda."

"Nashukuru, nami nakupenda. Sasa, baba yangu aambiwe nini, na lini?"

"Kusema kweli sina kitu mwaka huu. Labda mwakani baada ya mavuno."

"Basi mwakani. Mpaka hapo mimi nitakaa kwetu, na wewe utakaa kwenu. Mjomba wako aje tu azungumze na wazee, wajue kwamba nia ipo. Mahari yatafuata."

Mmeona? Hakuna aliyetukanwa. Kijana amesema ukweli wake, kwamba hana kitu. Binti naye amesema lake, kwamba hatahama kabla wazee hawajaambiwa. Sasa wanalo neno moja lenye maana moja.

Kama binti anaona haya, na amtume shangazi au bibi yake. Kijana anaweza kumtuma mjomba au babu. Bibi na babu wana utani na wajukuu. Wanaweza kuuliza jambo zito huku wakicheka, na jibu likapatikana.

8. KALAMU IFANYE KAZI

Ndugu msomaji, ulijifunza kusoma na kuandika ili ujisaidie. Hapa pana kazi ya kalamu. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Wakati wa uchumba andikeni mambo haya kwenye karatasi:

– Majina ya wachumba na ya wazee waliokuwapo.
– Tarehe ya mazungumzo.
– Jambo lililoahidiwa, na wakati wake.
– Vitu vilivyotolewa kwa ajili ya ndoa. Kitu kimoja kimoja: ng'ombe wangapi, fedha kiasi gani.
– Sahihi za pande zote mbili na za mashahidi.

Andikeni karatasi mbili. Kila upande ukae na yake. Wengine watasema, "Hii ni kutoaminiana." Hapana. Hata mkiuza pamba au kahawa mnapewa karatasi. Je, binti yako ni mdogo kuliko gunia la pamba? Mtu mwenye nia njema haogopi kuandika aliyoyasema.

Kumbukeni pia kwamba sheria inataka taarifa ya kusudio la kufunga ndoa itolewe siku 21 kabla ya ndoa. Siku hizo zimewekwa ili mwenye pingamizi ajitokeze. Msizikwepe. Ni kinga yenu.

9. AHADI IKIVUNJIKA

Wakati mwingine uchumba unavunjika hata kama watu walisema wazi. Hilo si mwisho wa dunia. Uchumba uliovunjika mapema una uchungu kidogo kuliko ndoa mbaya ya miaka 20. Aliyebadilisha mawazo na aseme mapema, kwa mdomo wake au kwa mshenga. Asijifiche. Vitu vilivyotolewa kwa ajili ya ndoa vizungumzwe na wazee kwa karatasi ile ile. Mkishindwa, nendeni kwa msaidizi wa kisheria au ulizeni Mahakama ya Mwanzo. Kupigana, kutangazana sokoni na kuchomeana nguo hakurudishi mapenzi wala ng'ombe.

Ahadi ni deni. Basi kabla hujalipokea deni hilo, uliza ni la kiasi gani na litalipwa lini.

MANENO YA KUJIFUNZA

Mshenga: mtu anayetumwa kupeleka posa na kusikiliza majibu.
Posa: ombi la kuoa linalopelekwa kwa wazazi wa binti.
Kishika uchumba: kitu kinachotolewa kuonyesha kwamba uchumba umekubaliwa.
Fidia: malipo kwa mtu aliyepata hasara.
Dhana: jambo linalochukuliwa kuwa kweli mpaka lipingwe kwa ushahidi.
Pingamizi: sababu ya kuzuia jambo lisifanyike.

MASWALI YA KUZUNGUMZIA KATIKA KIKUNDI

1. Katika mfano wa pamba, binti angeuliza nini kabla ya kuhama?
2. Kijana wa cherehani angefanya nini ili zawadi yake ieleweke?
3. Je, miaka miwili ya kukaa pamoja peke yake inatosha kuwa ndoa? Eleza.
4. Katika kijiji chenu, uchumba huanza kwa dalili gani? Mgeni kutoka kabila jingine atazijuaje?
5. Andika karatasi ya makubaliano ya uchumba kama tulivyoeleza. Isomeeni darasani, mwone kama kuna neno lenye maana mbili.